Shairi la mashine na kosa letu la miaka hamsini

Kwenye grupu letu la wapenda mashairi tulifiwa na mzee mmoja, mtu aliyekuwa anapendwa sana, na siku ya pili ya msiba mwenzetu mmoja akatuma shairi la maombolezo. Beti sita, mistari minne minne, vina vya kati na vya mwisho, kibwagizo kimekaa mahali pake. Sifa zikamiminika, watu wakasema hongera malenga, kuna waliosema wamelia. Jioni mwenyewe akaandika kwa moyo mweupe kabisa kwamba kalitengeneza kwa programu ya akili mnemba akiwa ndani ya daladala, haikufika hata dakika mbili. Hapo ndo grupu likawaka moto. Kuna waliojitoa, kuna waliosema amemtukana marehemu, na kuna waliosema jambo ambalo nimelikuta tena na tena mitandaoni tangu programu hizi zianze kutunga kwa Kiswahili: kwamba ushairi wa vina na mizani ndo umefika mwisho, maana kama mashine inaweza basi haikuwa sanaa, ilikuwa hesabu tu.

Mi naona waliokasirika na walioshangilia wote wameshika jambo hili kwa mkono wa makosa. Mashine haijachukua ushairi wa Kiswahili. Imechukua kipande kimoja, na hicho kipande tulikitenga sisi wenyewe, kwa miaka kama hamsini hivi, darasani na kwenye mabishano yetu ya wasomi, tukakipa jina la ushairi kana kwamba ndo mwili mzima: idadi ya silabi, kina cha kati, kina cha mwisho, jina la bahari, yaani aina ya shairi. Tulipokubaliana kwamba shairi ni hicho, tulikuwa tumeshaacha mlango wazi muda mrefu sana kabla programu yoyote haijaja kubisha hodi. Na nitaonyesha kwamba hata hicho kipande haijakichukua vizuri, ingawa hoja yangu haisimami hapo, kwa sababu mashine zinajifunza na kesho zitahesabu sawasawa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na halafu waziri, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Kikawa ndo mizani ya kila mtu, ukitaka kujua shairi lako limesimama au limeanguka unaenda kwa Amri. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe mwenye umri wa miaka thelathini hivi, akatoa diwani yake, Kichomi, na ndani yake mashairi hayana vina wala mizani ya kuhesabika, na akasema wazi kwenye utangulizi kwamba anataka ushairi usogee karibu na lugha ambayo watu wanaitumia. Nyuma yake wakaja washairi wasomi Mulokozi na Kahigi kuitetea njia hiyo kwa hoja za kisomi. Upande wa pili wakasimama watu wa mapokeo, wa Pwani na wa bara, wakasema hayo siyo mashairi, labda muyaite maandishi. Mgogoro huo umeandikiwa makala na vitabu mpaka leo, mwanafunzi wa chuo akisoma ushairi lazima apite hapo.

Kuna kitu kwenye mgogoro ule huwa kinanisumbua. Mwaka mmoja tu kabla ya Kichomi, yaani 1973, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitoa diwani ya Sauti ya Dhiki. Huyu alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi ya kisiasa aliyoiandika, na mashairi yale aliyatunga gerezani, mengi akayaandika kwenye karatasi za chooni kwa siri. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpinzani wa serikali, na alitunga kwa vina na mizani kamili, kwa Kimvita, lahaja ya nyumbani kwao. Kwa hiyo ile picha tunayochorewa, kwamba arudhi, yaani zile sheria za vina na mizani, ni ya wazee waliotosheka na mambo yalivyo, na guni, shairi lisilozifuata, ni ya vijana wenye moto, haikuwa kweli hata mwaka ule ule ilipokuwa inachorwa. Pande zote mbili walikuwepo watu wenye jambo la kusema na walikuwepo watu wa kujaza karatasi, lakini mjadala ukabaki kwenye umbo, tena umbo la kwenye karatasi, la kuonekana kwa macho.

Na hapo ndo kosa lilipoingia, kwa sababu Amri Abedi mwenyewe hakuishia kwenye kuhesabu. Alisisitiza kwamba shairi liimbike. Kwake vina na mizani vilikuwa watumishi wa sauti, sababu ya kuhesabu ni ili mtu akilighani, yaani akilisema kwa mahadhi, isije ikamkwama kooni. Sisi tukabeba rula tukaiacha sauti. Chukua ushahidi huu mmoja, mstari ambao karibu kila aliyesoma Kiswahili anaujua, wa Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyefariki karibu na 1840: "Kimya kina mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele." Hebu uhesabu kama tulivyofundishwa shule. Ki-mya-ki-na-m-shi-ndo-m-ku-u, hizo kumi. Ndi-vyo-wa-mba-vyo-wa-vye-le, hizo nane. Kumi kwa nane! Mwanafunzi akileta hivi leo mwalimu anamwekea alama nyekundu, anaandika mizani imezidi. Lakini ulighani sasa, ulighani kwa sauti, ile "m" ya mshindo na "m" ya mkuu zinalala ndani ya silabi zinazofuata, mshi-ndo mku-u, na inakuwa nane kwa nane kama maji. Halafu mstari wa tatu wa ubeti huo huo, "Kimya msikidharau", ile "m" ya kuwaambia watu inasimama peke yake na inahesabiwa, ki-mya-m-si-ki-dha-ra-u, nane. Yaani ndani ya ubeti mmoja herufi ile ile mahali pengine ni mizani na mahali pengine sio, na anayeamua ni sikio la mtu wa Mvita anayejua kipi kinabebwa na sauti na kipi kinamezwa. Mi nilisoma shairi hilo miaka na miaka kabla sijashtukia jambo hili, kwa sababu nilikuwa nalisoma kimya kimya!

Sasa tuiangalie mashine. Programu hizi hazisomi silabi. Zinakata maandishi kwenye vipande kulingana na jinsi herufi zinavyojirudia pamoja katika maandishi mengi zilizolishwa, na mengi ya hayo sio ya Kiswahili, kwa hiyo vipande vyake na silabi zetu havikutani. Inatabiri kipande gani kinafuata kipande gani. Haina koo, na inapotunga inategemea zaidi maandishi yaliyoandikwa na watu waliosikia. Shairi lile la msiba nililichukua nikalihesabu kwa vidole, na huu ndo ubeti wake wa kwanza:

Baba yetu umeenda, huzuni imetushika,
Daima tutakupenda, machozi yanatutoka,
Njia nzuri ulipenda, mwanga wako bado unawaka,
Pumzika kwa amani, Mungu akuweke pema.

Mistari miwili ya kwanza ni nane kwa nane safi. Wa tatu kipande cha pili kina kumi, mwa-nga-wa-ko-ba-do-u-na-wa-ka, na hapo hakuna sauti ya kukuokoa, hakuna "m" ya kumeza, ukilighani unajikwaa tu. Watu zaidi ya arobaini walilisifu na hakuna hata mmoja aliyejikwaa, maana yake hakuna aliyelighani. Tulilitazama. Tuliona mistari minne imepangika, mkato katikati na kina mwishoni, tukasema ni shairi, kama mtu anavyoona ngalawa imechorwa ukutani akasema hiyo inaelea. Lakini tuseme mstari ule urekebishwe, iwe "mwanga wako unawaka", nane kamili. Je, shairi limepona? Soma tena. Huyo baba ni baba wa nani? Alikuwa fundi, mvuvi, hakimu? Penda imekuja mara mbili kwenye mistari miwili inayofuatana kwa sababu tu inaishia na -nda. Ubeti huu unaweza kusomwa kwenye msiba wowote, Tanga au Kigoma, na hakuna atakayestuka kwamba maiti sio yake.

Mzee wetu alikuwa na jambo lake moja. Ukituma shairi kwenye grupu, hata usiku wa manane, alikuwa analighani lote kwa voisi na kukutumia. Anaanza kwa kukohoa, halafu anaghani, na akifika pale mizani ilipolegea anasimama anasema "papwaya", kama fundi cherehani anayekupima suruali kiunoni. Hakuwa anaandika komenti. Hakukwambia umepungukiwa silabi, alikusikilizisha mwenyewe. Baada ya zogo lile la shairi la mashine, kijana mmoja ambaye huwa hachangii sana alituma ubeti mmoja tu:

Sisikii kikohozi, kisha useme "papwaya",
Nani atashika uzi, beti zangu zikigwaya?
Nimetunga hili juzi, kutuma naona haya,
Nambari yako ninayo, sina wa kumpigia.

Grupu lilinyamaza. Hakuna neno msiba humo, hakuna machozi, hakuna mwanga wala amani, lakini kila mmoja wetu alijua anaambiwa nani na kwa nini, na mtu wa nje akiusoma anapata shauku ya kuuliza huyu aliyekuwa anakohoa ni nani. Muulize yule kijana neno "zikigwaya" alilitoa wapi, atakwambia alikuwa na "papwaya" mkononi kwa sababu ni neno la marehemu, akatafuta kina cha -ya mpaka akakumbuka bibi yake alikuwa anasema kugwaya, kutetemeka kwa woga. Kwenye maongezi ya kila siku yeye na mimi wote tungesema kuogopa basi, yamekwisha.

Hapo ndo naona hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaozikataa mashine, na nataka niipe haki yake. Wanasema jasho la kutafuta kina ndilo shule yenyewe. Kina kinakulazimisha kutoka nje ya maneno yako mia tatu ya kila siku, unafungua kamusi, unampigia shangazi, unakumbuka wimbo wa mwajificho, na ukirudi unakuwa na neno ambalo hukuwa nalo asubuhi. Ukimwachia mashine kazi hiyo, shairi unalipata lakini wewe unabaki ulivyokuwa. Na lugha pia inabaki ilivyo, tena inapungua, kwa sababu mashine inachota kwenye Kiswahili ambacho kimejaa kwenye intaneti, Kiswahili cha habari na matangazo na tafsiri, ambamo lahaja kama Kimvita, Kiamu, Kipemba na Kimakunduchi zimo kidogo sana. Sehemu kubwa ya ushairi wa zamani iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ipo kwenye makabati ya Hamburg, London na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyingine ipo kwenye masanduku ya familia Lamu na Siu, na nyingine haikuandikwa kabisa. Mashine ikikosa neno haiendi kumuuliza mtu, inachukua lililo karibu. Ndo maana mashairi yake yote yana mwanga, safari, moyo na tumaini, na "pumzika kwa amani" badala ya zile dua ambazo wazee wetu walikuwa nazo kwa kila aina ya kifo.

Upande wa wanaoshangilia nao wana lao. Wanasema mtu asiyejua kutunga naye ana harusi, ana mwana, ana mchumba aliyemkasirikia, kwa nini asipate shairi? Na wanakumbusha, kwa haki kabisa, kwamba kutungiwa sio jambo geni kwetu. Pwani watu wamekuwa wakienda kwa malenga toka zamani, mtu anaeleza shida yake, anatungiwa, na nyimbo nyingi za taarabu zilizotingisha mitaa zilitungwa kwa ajili ya mtu fulani aliyetaka ujumbe umfikie mtu fulani. Hili nalikubali. Tofauti iko kwenye yale maongezi ya kabla ya kutunga. Malenga alikuwa anakuhoji: amekufanyia nini, alisema neno gani, walikuwepo nani, unataka ajue ni yeye au unataka abaki na wasiwasi? Nusu ya shairi ilikuwa kwenye mahojiano hayo. Yule bwana wa daladala angeieleza mashine habari ya kikohozi na "papwaya", nina hakika ingetoa kitu bora kuliko kile. Hakueleza, kwa sababu haikumuuliza, na kwa sababu alidhani shairi la msiba linatengenezwa kwa maneno ya msiba.

Hoja ambayo sikubaliani nayo hata kidogo ni ile ya kusema mashine imethibitisha arudhi haina thamani kwa hiyo tubaki na mashairi huru. Nimeiona imeandikwa na watu wenye elimu zao. Kwanza mashairi huru mashine inayatoa kwa urahisi zaidi, kwa sababu hamna hata cha kuhesabu cha kuikwamisha. Iambie ikutungie shairi huru kuhusu upweke, itakata sentensi mistari mifupi mifupi, itaweka dirisha na mvua, umemaliza. Kama kigezo ni kwamba kinachoigizika na mashine hakina thamani, basi mashairi huru ndo yangetangulia kaburini. Kezilahabi hakuwa Kezilahabi kwa sababu aliacha vina, kuacha vina ni kazi ya dakika moja, alikuwa na namna ya kuona na alikuwa na Ziwa lake na hasira zake na falsafa aliyoisotea. Pili, hicho kigezo chenyewe ni kibovu. Kofia za kudarizi za mashine zipo sokoni Zanzibar na Lamu kwa bei ya chini, zimenyooka, hazina kosa, na bado kofia ya mkono inayoshonwa kwa wiki na miezi ndo anayoitafuta mtu siku ya harusi yake, na mwenye macho anaweza kukwambia imeshonwa na mkono wa wapi. Ujio wa mashine ya kudarizi haukuwafanya watu waseme kumbe kudarizi sio ufundi. Uliwafanya wajifunze kuangalia vizuri.

Kuangalia vizuri ndo tatizo letu, na hapa naomba niseme wazi kuhusu shule kwa sababu naona huko ndo chanzo. Mtoto wetu anakutana na shairi kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya mtihani. Anaulizwa shairi hili ni la bahari gani, lina mizani mingapi kila mshororo, bainisha vina vya kati, onyesha mifano miwili ya idhini ya mshairi, andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Hilo la mwisho huwa linaniuma kuliko yote, tunamwambia mtoto achukue kitu kilichofungwa kwa sauti akifungue kiwe maneno makavu, na kadri anavyokikausha vizuri ndivyo anavyopata maksi. Kulighani hakuna maksi. Kulijibu hakuna maksi. Kuuliza lilisemwa kwa nani kuna maksi kidogo kama likiitwa "dhamira". Sasa angalia maswali hayo yote, kila moja mashine inaweza kulijibu, nyingi kwa usahihi kuliko mtoto. Tumekuwa tukifundisha watoto kufanya kazi ya mashine kabla mashine haijaja, na wakati huo huo tunashangaa kwa nini hawapendi ushairi! Watoto hawa hawa wakitoka darasani wanajua bongofleva kwa moyo mistari mia, wanajua singeli, wanajua nani kamchana nani na yule kajibu vipi, na huko hakuna aliyewaambia waandike ubeti kwa nathari.

Na hilo la kujibu ndo linaloniambia mashine imesimama mbali kiasi gani na ushairi wetu. Mashairi ya Muyaka mengi hayakuwa ya kuwekwa kabatini, yalikuwa ya kutumwa. Mombasa na Lamu walikuwa maadui, kuelekea vita vya Shela vya kama 1812 washairi walirushiana beti kabla watu hawajarushiana mishale, Muyaka upande huu na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu upande ule, huyu akifumba yule anafumbua na kurudisha fumbo lingine. Karne moja baadaye, gazeti la Mambo Leo lililoanza 1923 huko Tanganyika lilikuwa na mashairi ya wasomaji, mtu wa mkoa mmoja anauliza kwa beti, wa mkoa mwingine anamjibu kwa vina vilevile, na wa tatu anaingilia kuwaamua. Taifa Leo kule Kenya wameiendeleza kazi hiyo miaka mingi. Hapo ndipo arudhi inapopata maana yake kamili, kwa sababu ukinijibu kwa vina vyangu umeonyesha umenisikia mpaka silabi ya mwisho, na ukinishinda umenishinda kwenye uwanja nilioupima mimi. Ni sheria za mchezo wa watu wawili. Mashine mchezo huo haina. Ukiitumia ubeti wa kuichokoza inakusifu, ukiipinga inakubali, haina nyumba ya kutetea wala mji wake, na hakuna atakayeamka asubuhi akiwa amefedheheka kwa ulichomwambia.

Tukikubaliana hapo, kuna mambo ya kufanya na hayahitaji sera kubwa. Walimu wanaweza kuanza na kughani kabla ya kuhesabu, shairi lisikike mara tatu darasani ndo mtu aguse kalamu, halafu kazi ya nyumbani iwe kumjibu mshairi kwa vina vyake. Mtoto akileta jibu la mashine itajulikana akisimama kulighani mbele ya wenzake, papwaya itasikika. Waandaaji wa mashindano ya ushairi, ambayo nashukuru yameongezeka miaka hii, waongeze hatua moja ya mwisho ambapo aliyechaguliwa anapewa ubeti pale pale na kuujibu kwa sauti mbele ya waamuzi. Watu watalalamika kwamba sio kila mshairi anajua kughani, kweli, kuna washairi wa karatasi wazuri sana na sitaki wafungiwe mlango, hasa wale wa mashairi huru. Wawekewe fungu lao na waulizwe mambo yanayohusu kazi zao. Lakini mtu anayesema ametunga shairi la arudhi halafu hawezi kulisema kwa mdomo wake, sioni kwa nini tumpe zawadi ya arudhi.

Kuhusu kuzipiga marufuku mashine, kama baadhi ya wenzangu wanavyotaka, sioni faida. Grupu letu lilijaribu kwa wiki mbili, admini akaandika tangazo, matokeo yake watu wakaanza kutuhumiana, kila shairi lililonyooka linaitwa la mashine, na mama mmoja mtunzi wa miaka mingi akaambiwa hivyo akanyamaza mpaka leo. Tangazo likatolewa. Kilichobaki ni makubaliano ya mdomo tu kwamba ukituma maandishi utume na voisi yako ukilighani. Wanaotuma wamepungua sana, nakiri, na baadhi ya sauti ni za aibu aibu, mtu anaghani chini chini kana kwamba kuna watoto wamelala. Lakini komenti zimebadilika. Zamani ilikuwa "hongera malenga" na kidole gumba. Siku hizi mtu anasema pale kwenye mstari wa pili umevuta pumzi mapema, au anauliza hilo neno la kwenu maana yake nini, na wiki iliyopita wawili walijibizana beti kumi na mbili kuhusu bei ya nazi mpaka usiku.

Mashairi ya Muyaka yametufikia kwa sababu miongo kadhaa baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka, akamsaidia mmisionari Taylor kuyaweka pamoja na maelezo ya nani aliambiwa nini na lini. Bila maelezo yale tungebaki na silabi. Kwa hiyo tuko watatu sasa tunaomba wanagrupu watutumie voisi za mzee wetu walizonazo. Simu nyingi zimeshafuta, nyingine zimeibiwa au zimekufa, mwingine anazo ila haziko kwenye mpangilio, hujui anaghani shairi la nani. Mpaka jana tulikuwa na sitini na moja. Tunazisikiliza moja moja, tunaandika chini shairi ni la nani, lilitumwa kwa sababu gani, na dakika gani amesema "papwaya".